UZI: Bakteria anayeozesha viazi (Pectobacterium), jinsi anavyokaa kimya ndani ya kiazi kizima mpaka apate maji

ShambaDarasa (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Naona mara nyingi mtu anaweka picha ya gunia la viazi mviringo linavuja maji, ndani viazi vimekuwa uji, halafu majibu yanakuja ni ukungu huo piga dawa, ni urea nyingi, umeuziwa mbegu mbovu, kila mtu na lake. Leo naomba tumjadili mhusika mwenyewe kwa kirefu maana ukishamjua anavyoishi utaacha kutupa hela kwenye dawa ambazo hata hazimgusi. Anaitwa Pectobacterium. Ni bakteria, sio ukungu. Na kubwa ninalotaka lieleweke ni hili, ule uozo unaouona ni hatua ya mwisho kabisa, bakteria alishakuwemo kwenye kiazi muda mrefu tu, tena kiazi kizuri ngozi safi, alikuwa anasubiri hali fulani itokee na hiyo hali mara nyingi tunamtengenezea sisi wenyewe kuanzia shambani mpaka kwenye gari.

Kwa umbo ni kijiti kidogo sana, urefu kama maikromita 1 mpaka 3, ana vimkia vya kuogelea mwili mzima kwa hiyo akipata utando wa maji tu anatembea. Hatengenezi spora (ganda gumu la kujihifadhi wakati wa shida) kama wale bakteria wa kimeta au pepopunda, ndio maana kwenye udongo mkavu usio na masalia ya mazao hadumu. Anaishi penye hewa na anaishi pasipo na hewa, hili lishikeni maana ndio siri yake kubwa nitalirudia chini. Ki ukoo yuko oda moja na E. koli na Salmonella wale wa matumboni mwetu, ila yeye mambo yake ni mimea.

Historia fupi tu. Mwaka 1901 kule Vermont Marekani mtaalamu L. R. Jones alichunguza karoti zinazooza akamtoa huyu bakteria akamwita Bacillus carotovorus. Enzi hizo kulikuwa na ubishi mkali, Alfred Fischer wa Ujerumani alikuwa anakataa kabisa kwamba bakteria anaweza kuuguza mmea ulio hai, Mmarekani Erwin Smith akasimama kumpinga na ushahidi, na Smith ndiye aliyeshinda ule mjadala. Mwaka 1917 kundi hili la bakteria likapewa jina Erwinia kumuenzi yeye. Jina Pectobacterium lilipendekezwa 1945 lakini limeshika hasa kuanzia 1998, kwa hiyo ukisoma vitabu vya zamani ukakuta Erwinia carotovora jua ni huyu huyu.

Sasa anaozeshaje. Kiazi ni seli nyingi zimeshikana, na kinachozishikanisha ni kitu kinaitwa pektini, ambayo kazi yake ni ile ya simenti katikati ya matofali. Huyu bakteria anatoa vimeng'enya vya kuyeyusha hiyo pektini, kuna pektati liyasi, kuna poligalakturonasi, kuna vya kula selulosi, kuna vya kula protini, anavimwaga nje ya mwili wake kupitia mitambo maalum iliyopo kwenye ukuta wake. Hana haja ya kuivunja seli kwanza, anayeyusha kinachozishikilia, seli zinaachana, maji ya ndani yanavuja na yeye anakunywa ile sukari inayotoka. Ndio maana uozo wake ukiugusa ni laini kama uji, rangi ya krimu, na pembeni kwenye mpaka wa sehemu nzima na iliyooza unaona mstari mweusi au kahawia, hapo ndipo kiazi kilikuwa kinapigana.

Na jambo ambalo wengi hawalijui, uozo wenyewe mwanzoni hauna harufu kali. Ule uvundo wa kukimbiza watu unakuja baadaye wakishaingia bakteria wengine wa kula mabaki. Ukisubiri harufu ndio ujue kuna tatizo stoo umechelewa sana.

ShambaDarasa

Naendelea, hii sehemu ndiyo inanisisimua kuliko zote.

Fikiria bakteria wachache wameingia kwenye kiazi kisha wakaanza kumwaga vimeng'enya hapo hapo. Vile vipande vya pektini iliyokatwa mmea unavitambua, ni alarm, unaanza kujenga kizuizi na kutoa kemikali za kujilinda, na hao wachache wanakufa. Kwa hiyo hawaanzi. Wanakaa kimya wanazaliana polepole huku kila mmoja anatoa molekuli ndogo ya ishara, inaitwa asaili-homoserini laktoni. Wakiwa wachache ishara inapotea, wakiwa wengi inajaa mpaka inarudi ndani yao na kuwasha jeni za vimeng'enya karibu wote kwa wakati mmoja. Mmea unashtukia mamilioni wameshaanza kazi pamoja na hauna muda tena. Haya yalithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipochukua bakteria wasioweza kutoa hiyo ishara wakakuta hawaozeshi, walipowarudishia ishara wakaozesha tena.

Na haishii hapo. Ishara hiyo hiyo kwa baadhi ya aina za Pectobacterium inawasha pia utengenezaji wa karbapenemu, yaani antibiotiki, ni ukoo ule ule wa dawa nzito za hospitali kama meropenemu. Kwanini bakteria atoe antibiotiki? Kwa sababu akishayeyusha kiazi chakula kinamwagika wazi na bakteria wengine wa udongoni wote wanakitaka, kwa hiyo anafungua chakula na kuwafukuza wageni kwa mpigo mmoja.

Mwaka 2001 watafiti wa Singapore walichukua jeni kutoka kwa bakteria mwingine, jeni ya kimeng'enya kinachokata ile molekuli ya ishara, wakaiweka kwenye tumbaku na viazi. Hiyo mimea haiui bakteria hata mmoja, inawakata mawasiliano tu, na ikastahimili uozo vizuri kabisa. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote kwamba ugonjwa huu unategemea idadi na hali, kuwepo kwa bakteria peke yake hakutoshi.

Kuna ndugu yake wa maeneo ya baridi, Pectobacterium atrosepticum, jenomu yake, yaani maandishi yote ya jeni zake, ilisomwa yote mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Waskoti na Waingereza, herufi kama milioni 5. Walikuta jeni nyingi ambazo ndugu zake wa matumboni hawana, zinaonekana zimetoka kwa bakteria wengine wa mimea, mojawapo ni za kutengeneza asidi inayofanana na sehemu ya sumu inayoiga homoni ya mmea. Yaani huyu ni mtu wa ukoo wa matumboni aliyehamia shambani na kukusanya silaha za wenyeji.

dereva_wa_fuso

Mkuu shukrani kwa darasa. Mimi napakia viazi Mbeya na Njombe nashusha Dar. Shambani naviona kwa macho vizima, vimechaguliwa, lakini nikifika sokoni magunia ya chini yanatoa maji na tajiri ananiangalia mimi. Safari yenyewe siku moja tu na nusu. Vinaoza lini hapo?

ShambaDarasa

@dereva_wa_fuso swali zuri sana na wewe ndiye nilikuwa nakusubiri.

Kiazi kina vitundu vidogo vya kupumulia kwenye ngozi, ukikiangalia kwa karibu unaviona kama vidoa. Bakteria wapo humo tangu shambani, wachache, wamekaa kimya. Kiazi nacho kinapumua, kinahitaji oksijeni, na ulinzi wake wote, kujenga ngozi mpya kwenye jeraha, kutoa zile kemikali, unategemea oksijeni. Sasa kikipata utando wa maji juu yake oksijeni haipiti, ndani ya saa chache kiazi kinakosa hewa na ulinzi unazima. Bakteria yeye si nimesema anaishi hata pasipo hewa? Basi hapo ndipo anapoamka. Maji yale yale yanavimbisha na kufungua vile vitundu anapata na njia.

Rudi kwenye gari lako. Viazi vimevunwa udongo una unyevu, vingine ngozi bado changa inachubuka kwa kidole, vimejazwa lumbesa, yaani gunia limezidishwa kupita kipimo, vibarua wamelitupa gunia toka begani, wa juu wanamkandamiza wa chini, ngozi inapasuka. Umefunika turubai hakuna hewa inapita. Unatoka kwenye baridi ya Uyole au Makete unateremka kwenye joto, hewa yenye unyevunyevu ikigusa kiazi cha baridi kinatoa jasho, utando wa maji huo umeshajitengeneza wenyewe. Aina inayoitwa Pectobacterium carotovorum inapenda joto, nyuzi 25 kupanda anakwenda kasi sana. Kiazi kimoja kikipasuka maji yake yanateremka kwenye majirani na yana bakteria wengi kuliko unavyoweza kuhesabu, na wale hawana haja ya kusubiri tena.

Kwa hiyo tajiri akikulaumu wewe peke yako anakuonea. Lumbesa sheria ya vipimo inaikataza kwa sababu ya kumpunja mkulima, lakini hata ingekuwa halali kwa uozo tu ilitakiwa ife. Pakia viazi vilivyokauka, gunia la kawaida, acha hewa ipite mbele na nyuma ya turubai kama mvua hainyeshi, na kama unaweza shuka usiku.

kijana_wa_waru

Niaje wadau, niko Kinangop huku Kenya. Mimi waru zangu, yaani viazi, hazijafika hata kwa gunia, ziko shambani na stem iko black huku chini, majani yanajikunja na kuwa yellow, ukivuta inatoka tu na ina utelezi. Jamaa wa agrovet ananiambia ni mnyauko wa bakteria nitoe waru zote nihame hiyo shamba miaka kadhaa. Hiyo ni ukweli ama?

ShambaDarasa

@kijana_wa_waru pole, usihame bado. Ulivyoeleza, shina jeusi tii kuanzia chini kwenye mbegu kupanda juu, utelezi, majani kujikunja, hiyo inafanana zaidi na hawa hawa jamaa zetu, atrosepticum au ndugu yake wa karibu Dickeya. Mnyauko bakteria ni mtu mwingine, Ralstonia, na ni kweli yule anakaa kwenye udongo miaka.

Jipime mwenyewe. Chukua glasi ya maji safi, kata kipande cha shina sehemu ya chini, kining'inize uchovye ncha kidogo tu ndani ya maji bila kutikisa. Kama ni Ralstonia ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe za maziwa zinateremka zenyewe. Kata na viazi vyenyewe, Ralstonia ina pete ya kahawia ndani na ukibinya yanatoka matone meupe, tena kwenye macho ya kiazi udongo unagandia. Huyu wa kwako hana pete, kiazi kinaanza kuoza upande ule kilikounganika na mmea na kinakuwa laini.

Na kilichokupata kwa kawaida kinaanzia kwenye mbegu. Mbegu imepandwa na bakteria ndani, udongo ukalowa sana, mbegu ikaoza, bakteria wakapanda kwenye shina na wengine wakasambaa na maji ya udongo mpaka kwenye viazi vipya wakajificha kwenye vitundu. Ukichukua hivyo viazi vipya ukavifanya mbegu msimu ujao, hata kama vinapendeza, umepanda ugonjwa kwa mkono wako. Waholanzi na Waskoti wanaweka mipaka ya vizazi vingapi mbegu inaruhusiwa kurudiwa shambani kwa sababu kama hii, kila kizazi mzigo wa magonjwa unaongezeka.

Ng'oa hiyo mimea na mbegu yake chini, itoe nje ya shamba, na fungua mifereji maji yasisimame.

mama_mbatata

Mie nauza mbegu kidogo kidogo hapa kijijini. Mwenzangu ananiambia anachovya mbegu kwenye maji yenye unga wa antibiotiki ya kuku halafu anapanda, anasema inasaidia. Kuna ukweli?

ShambaDarasa

Dada mama_mbatata nakuomba usifanye hivyo, na mwambie na mwenzio kwa upole aache.

Bakteria wamejificha ndani ya vitundu na ndani ya mishipa ya kiazi, dawa ya kuchovya inabaki nje, unaua wa juu juu na wa ndani wanabaki. Halafu ule mchovyo wenyewe unalowesha mbegu yote na maji yanachukua bakteria wa kiazi kimoja kugawia gunia zima, kwa hiyo unaongeza tatizo ulilotaka kulitibu. La tatu ndilo linaniumiza zaidi, dawa hizo zikizoeleka udongoni bakteria wanazizoea, na usugu huo unaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, mpaka kwa wale wanaotuuguza sisi na watoto wetu. Hakuna dawa ya dukani inayokiponya kiazi kilichoanza kuoza. Dawa ya shaba nayo haifiki kule ndani. Uskoti kuna dawa ya faji, yaani virusi wanaoshambulia bakteria hawa tu, inapigwa kwenye viazi wakati wa kufungasha, lakini hata hiyo ni ya juu ya ngozi.

Kinachosaidia mbegu ni hiki: panda nzima nzima usikate, na kama ni lazima kukata kisu kichovye kwenye klorini ya kufulia kila baada ya kiazi, halafu acha sehemu iliyokatwa ikauke na kujenga ngozi siku kadhaa penye hewa na kivuli ndipo upande. Weka mbegu kwenye chaga zenye mwanga hafifu na upepo, tabaka mbili tatu tu. Kinachotoa unyevu kitoe siku hiyo hiyo usiseme kesho.

Calcium pia ina nafasi. Ile pektini inashikana kwa nguvu ya calcium, na Wisconsin miaka ya 1980 walionyesha viazi vyenye calcium nyingi vinaoza kidogo. Kwa hiyo anayeweka urea tu kila msimu na ardhi yake ina tindikali na haina calcium, akijaribu mbolea ya CAN au chokaa ya kilimo hajakosea, apime udongo kwanza lakini.

nesi_wa_zamu

Naomba kuchangia kidogo toka upande wa hospitali. Jina Erwinia sisi tunalijua kama dawa. Watoto wenye saratani ya damu aina ya limfoblasti wanapewa kimeng'enya kinaitwa asparajinasi, kinamaliza asparajini kwenye damu, seli za saratani haziwezi kujitengenezea ya kutosha zinakosa chakula zinakufa, seli nzima zinajitengenezea. Mara nyingi kinatoka kwa E. koli lakini watoto wengine mwili unakikataa wanapata mzio, hao ndio wanabadilishiwa cha Erwinia. Marekani waliidhinisha Erwinaze mwaka 2011.

Swali langu, nyumbani mtu anakata sehemu iliyooza kwenye karoti au nyanya anakula iliyobaki. Huyu bakteria anadhuru binadamu?

ShambaDarasa

@nesi_wa_zamu asante sana, huyo wa dawa ni Erwinia chrysanthemi, siku hizi anaitwa Dickeya, ndiye yule ndugu wa karibu niliyemtaja kwa kijana wa Kinangop. Mtu yule yule anaua shamba la viazi na kimeng'enya chake kinaokoa mtoto.

Pectobacterium mwenyewe sio bakteria wa kuuguza watu. Ila tahadhari ipo. Mwaka 1997 Marekani walichapisha uchunguzi wa mboga na matunda ya sokoni, yale yenye uozo laini yalikuwa na dalili za Salmonella karibu mara mbili ya yaliyo mazima. Sababu ni kwamba uozo unamwaga chakula na maji, na Salmonella kama yupo jirani anazaliana humo vizuri. Kwa hiyo cha kupika ukatoa sehemu kubwa kupita uozo ukapika sawasawa ni jambo moja, lakini kachumbari ya nyanya au karoti iliyooza upande mimi siigusi na sitampa mtoto.

kijana_wa_waru

Nimefanya ile ya glasi, hakuna kitu nyeupe imetoka, maji iko clear. Sasa hiyo shamba nirudishe waru lini? Na zile zilioza nimerundika pale kwa fence.

ShambaDarasa

@kijana_wa_waru safi, maji kubaki safi bila nyuzi ni habari njema ingawa ukipata maabara ya kuthibitisha usiache.

Msimu ujao weka mahindi, ngano au shayiri, nafaka huyu hazimpi makazi kama viazi. Usiweke kabeji wala karoti maana hizo anazila pia. Bila mabaki ya mimea anapungua sana udongoni ndani ya wiki na miezi, kinachomrudisha ni maotea, vile viazi ulivyovisahau ardhini vinachipua katikati ya mahindi, hivyo ving'oe kila ukipalilia, ukiviacha unamtunzia makazi mpaka urudi. Ukirudisha waru tafuta mbegu iliyothibitishwa. Wakati wa kuvuna kata majani wiki mbili kabla ili ngozi ikomae, vuna udongo ukiwa umekauka, usioshe, anika kivulini kabla ya kufunga.

Ule rundo kwenye fensi uondoe leo. Nzi wanatua pale wanabeba bakteria miguuni na tumboni, tena kuna aina ya huyu bakteria maabara huwa wanaitumia kuchunguza kinga ya nzi wa matunda kwa sababu inakaa vizuri kwenye utumbo wa nzi. Wakitoka hapo wanaenda kwenye mashina yako yaliyochubuka na ya jirani yako. Chimba shimo mbali na mfereji wa maji, fukia kwa udongo wa kutosha mbwa wasifukue, na jembe lioshe kabla hujaingia nalo upande mzima.